Kotonii na spinosamu ni mwani wote wawili: kwa nini bei haziendi pamoja?

1. Binti Jambiani
Assalaam alaikum wanajukwaa. Mama yangu analima mwani Jambiani tangu mimi niko darasa la kwanza, na miaka yote hiyo nimesikia neno moja likirudiwa kila mizani inapotundikwa: spinosamu bei yake ndiyo hiyo, anayetaka bei nzuri alete kotonii. Bamvua lililopita mama alipeleka magunia manne ya spinosamu aliyoianika juu ya kichanja, safi, haina punje ya mchanga. Mnunuzi alichukua tawi moja, akalivunja, akalitupa chini, kisha akataja bei ileile anayowapa walioanika mchangani. Mama hakujibu. Alifunga mdomo wa gunia akarudi nayo nyumbani, na siku ya pili akayauza yote manne kwa bei hiyohiyo, kwa sababu ada ya skuli haingoji.

Ninaomba wenye elimu wanieleze: kuna kitu gani ndani ya kotonii ambacho spinosamu haina? Je, hii ni kemia kweli, au ni maneno ya soko?

2. Mkemia wa Mlimani
Ni kemia, dada, na tofauti yenyewe ni ndogo mno ukiichora kwenye karatasi. Mwani wote wawili hutoa karajinani, ambayo ni kabohaidreti kama wanga ulivyo, isipokuwa mnyororo wake umejengwa kwa sukari iitwayo galaktosi, punje baada ya punje, mamia kwa mamia, na juu ya punje hizo vimening'inia vishada vya salfeti, yaani salfa iliyoshikana na oksijeni, vyenye chaji hasi. Kotonii, ambayo jina lake la kitaalamu ni Kappaphycus alvarezii, hutoa aina iitwayo kapa, yenye kishada kimoja cha salfeti katika kila jozi ya galaktosi. Spinosamu, yaani Eucheuma denticulatum, hutoa iota, yenye vishada viwili katika kila jozi.

Sasa tazama kinachotokea maji ya moto yenye karajinani yanapopoa. Minyororo ambayo ilikuwa imelegea hujisokota, miwili miwili, kama msokotaji wa kamba ya kumbi anavyokutanisha nyuzi mapajani mwake. Kwa kapa, chembe za potasiamu huingia kati ya misokoto na kuituliza ile chaji hasi, kwa hiyo misokoto hukaribiana, hushikana, na jeli inakuwa ngumu. Kwa iota, kile kishada cha pili huchungulia nje na kumsukuma jirani, kwa hiyo misokoto haibanani. Jeli yake hushikwa zaidi na kalsiamu, nayo huwa laini na ya kunepa. Viwanda vingi vya nyama za makopo na vya maziwa vinahitaji ile ngumu. Kishada kimoja cha salfeti ndicho kinachomgharimu mama yako.

3. Msumari wa Makangale
Kemia ninaiheshimu, mwalimu, lakini kemia haikai kwenye mizani. Huku kwetu Pemba, kijiji kizima kinaweza kuwa na mnunuzi mmoja tu. Yeye ndiye aliyekupa kamba, yeye ndiye aliyekupa tai-tai za kufungia mbegu, na kwa sababu hiyo ni yeye pekee utakayemuuzia. Mtu wa namna hiyo angekuwa ananunua kotonii tupu, nayo angeipangia bei anayoitaka. Mkulima asiye na mnunuzi wa pili hana bei, ana taarifa ya bei.

4. Mama Kibuyuni
Hamjambo. Ninaandika kutoka Kibuyuni, Kaunti ya Kwale, ambako nasi akina mama tunalima mwani. Ninakubaliana na nambari 3 kwa sehemu, lakini kuna jambo ambalo wakulima wenzangu hatulisemi kwa sauti. Mwani unahitaji takriban wiki sita ndani ya maji ndipo ute wake, yaani hiyo karajinani, ukomae, na wengi wetu tunauvuna kabla ya hapo kwa sababu ya shida za nyumbani. Mwaka mmoja mvua ilitukuta tumeanika. Mwani ulioloa maji ya mvua ulipauka ukawa kama nyuzi za katani, na tulipoupeleka ulikataliwa wote. Wakati huo nilikasirika sana. Baadaye nilielezwa kwamba mvua ilikuwa imeiosha ile chumvi nyeupe iliyogandia juu ya matawi, na kwamba chumvi hiyo ni sehemu ya ubora.

5. Mkemia wa Mlimani
Mama Kibuyuni amesema jambo zito. Ile chumvi nyeupe kwenye kotonii iliyokauka, ambayo watu wengi huidhani ni chumvi ya kawaida ya jikoni, kwa sehemu kubwa ni kloridi ya potasiamu, na potasiamu ndiyo rafiki wa kapa. Kuhusu wiki sita pia yuko sahihi. Tawi changa lina minyororo mingi ambayo bado ina kishada cha salfeti mahali pasipofaa, kwenye kaboni ya sita ya galaktosi (kaboni za kila punje ya sukari huhesabiwa kwa nambari, moja hadi sita), nacho huutia mnyororo kigoti kinachouzuia usijisokote vizuri. Mwani wenyewe una kimeng'enya cha kukiondoa kishada hicho taratibu kadiri unavyokomaa. Kiwandani kazi hiyohiyo hufanywa kwa kuuchemsha mwani katika alkali.

6. Kaskazi_Tulivu
Mbona hakuna anayesema kwamba kotonii haioti tena? Wafilipino walipotuletea mbegu miaka ya tisini ilikuwa ikiota hadi ufukweni. Bei ya kitu usichoweza kukilima ina faida gani kwetu?

7. Mtafiti wa Pwani
Nirekebishe kidogo, ndugu Kaskazi. Kilimo cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na nyuma yake kulikuwa na utafiti wa miaka mingi wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mbegu ndiyo iliyotoka Ufilipino.

Kuhusu kotonii kufa, maelezo yako matatu na kila moja lina watetezi wake. La kwanza ni joto: maji ya kina kifupi kwenye mashamba ya maji kupwa hupata moto sana wakati wa kaskazi, na kotonii huvumilia joto kidogo kuliko spinosamu. Matawi hugeuka meupe kama barafu na kukatika, ugonjwa ambao wakulima wa Asia huuita aisi-aisi. La pili ni magugu, yaani mwani mwembamba kama unywele unaojishikiza juu ya kotonii na kutoboa ngozi yake, kisha bakteria wakapitia hapo. La tatu, ambalo mimi binafsi ninalipa uzito mkubwa, ni mbegu yenyewe. Tangu mwanzo tunakata tawi na kulifunga tena, tunakata na kufunga, kwa hiyo shamba zima ni mmea mmoja uliorudiwa mara elfu, na udhaifu wa mmoja ni udhaifu wa wote. Afrika Mashariki ina kotonii yake ya asili inayoota yenyewe kwenye miamba, lakini tunayoilima ni ya ukoo wa Asia.

Dkt. Flower Msuya na wenzake wamejaribu kuipeleka kotonii kwenye maji ya kina kirefu kwa kutumia nyavu za mirija, yaani mirija ya wavu ambayo mbegu hutiwa ndani yake, na huko hustawi. Tatizo ni kwamba kina kirefu kinataka chombo na kinataka kuogelea, na wakulima wengi ni wanawake ambao hawakufundishwa kuogelea.

8. Bi Kifumbu
Mimi si mkemia, lakini nimepika vyote viwili, na ninaomba niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Nilichukua kiganja cha kotonii kavu na kiganja cha spinosamu kavu, nikavilowesha usiku kucha, nikaviosha na kuvichemsha katika sufuria mbili kwa maji sawasawa hadi matawi yakawa uji. Nilichuja kwa kifumbu cha nazi, kisha nikapitisha tena kwenye kitambaa chembamba, nikamimina katika bakuli mbili za kioo.

Asubuhi bakuli la kotonii lilikuwa limesimama. Niliposukuma kwa kidole lilipasuka, ufa ukaenda moja kwa moja hadi chini, na pembeni palikuwa na maji yaliyojitoa yenyewe, kama kijiko kizima. Bakuli la spinosamu lilikuwa kama nyama ya dafu changa: ukilibonyeza linanepa, ukiliachia linarudi, na halikutoa hata tone la maji. Nililikoroga kwa kijiko hadi likavurugika kabisa, nikaliacha, na kufikia adhuhuri lilikuwa limejiunga tena. La kotonii nililovuruga lilibaki vipandevipande.

Mnaponiambia kwamba kile cha pili ni duni, ninauliza: duni kwa nani?

9. Mkemia wa Mlimani
Bi Kifumbu, umefanya jaribio ambalo wanafunzi wangu huliandikia ripoti nzima. Yale maji yaliyojitoa ni misokoto ya kapa inayozidi kubanana na kukamua maji nje. Ile ya spinosamu kujiunga tena ndiyo sifa inayoifanya iota ipendwe kwenye dawa za meno, kwani inabanwa, inatoka, kisha inasimama juu ya mswaki. Jaribu sasa kuchemsha kotonii kwa maziwa badala ya maji. Kapa hushikana na protini ya kasini iliyomo ndani ya maziwa, na ndiyo maana gramu 2 au 3 tu hutosha kuzuia kakao isizame katika lita 10 za maziwa. Ila usitie ndimu wakati wa kuchemsha, kwa sababu tindikali na moto kwa pamoja hukata mnyororo.

10. Bi Kifumbu
Kumbe ndiyo sababu jamu yangu ya mwani na ukwaju haikuganda. Ahsante.

11. Fundi Sabuni
Mimi ninatengeneza sabuni ya mwani na ninayo magadi makali, yaani soda kaustiki, stoo. Mkemia amesema kiwandani huchemsha katika alkali ili kuondoa salfeti. Kama tofauti ya kotonii na spinosamu ni kishada kimoja tu, kwa nini nisiichemshe spinosamu katika soda yangu, kile kishada kikatoka, nikamuuzia mnunuzi kapa?

12. Mkemia wa Mlimani
Swali zuri sana, na jibu lake liko katika mahali kishada kilipokaa. Alkali huondoa salfeti iliyo kwenye kaboni ya sita, kwa sababu upande wa pili, kwenye kaboni ya tatu, kuna oksijeni iliyo tayari kuruka na kuchukua nafasi hiyo, ikafunga daraja ndani ya punje ya sukari. Salfeti ya ziada ya iota iko kwenye kaboni ya pili, na hapo daraja haliwezi kufungika. Utaichemsha spinosamu siku nzima na itabaki iota. Zaidi ya hayo, viwanda hutumia haidroksidi ya potasiamu na si ya sodiamu kwa kotonii, kwa sababu potasiamu huizuia karajinani isiyeyuke wakati mwani unapikwa. Matawi hubaki mazima, yakaoshwa, yakaanikwa na kusagwa. Ukitumia soda yako, ute wote utaingia majini na utamwaga mali yako shimoni.

13. Darubini
Mwalimu amejibu vyema, lakini nina masahihisho mawili. Kwanza, ule mfano wa nyuzi mbili za kamba haukubaliwi na wote. Mwaka 2014 watafiti wa Zürich walitazama minyororo mmoja mmoja kwa darubini ya nguvu za atomu na wakaona mnyororo ukijisokota peke yake, bila mwenza, kabla ya kukusanyika na mingine. Wengine bado wanashikilia misokoto ya jozi, na ubishi huo una umri wa miongo.

Pili, alkali si njia pekee. Wapo bakteria wa baharini wanaokula karajinani, na katika kituo cha Roscoff, Ufaransa, maumbo ya vimeng'enya vyao yamechorwa tangu mwaka 2001. Baadhi hukata mnyororo wa kapa tu, baadhi wa iota tu, na wengine hung'oa salfeti mahali mahususi bila kugusa pengine. Kwa hiyo kugeuza aina moja kuwa nyingine kwa vimeng'enya si ndoto. Kilichobaki ni gharama.

14. Mkemia wa Mlimani
Ninapokea sahihisho la kwanza. La pili ninalipokea kwa maabara, lakini kwa gunia la kilo 50 la mama yake Binti bado, kwa sababu kimeng'enya cha kutibu gunia hilo leo kitakuwa ghali kuliko gunia lenyewe.

15. Mfamasia Maskati
Salaam kutoka Maskati. Nimesoma uzi mzima na ninaona mnaitazama iota kama mtoto wa kambo, ilhali katika fani yangu ndiyo inayozungumzwa zaidi. Vidonge laini vya mafuta ya samaki kwa kawaida hufungwa kwa jelatini, ambayo mara nyingi hutoka kwa nguruwe au ng'ombe. Iota ikichanganywa na wanga uliorekebishwa hutoa ganda laini lisilo na mnyama ndani yake, na wateja wangu huuliza habari hiyo kila siku.

La pili ni mafua. Ule wingi wa chaji hasi ambao Mkemia ameulaumu huvishika virusi kabla havijaingia kwenye chembe za pua, kwa sababu virusi vingi hujishikiza kwenye kabohaidreti zenye salfeti zilizo juu ya chembe zetu, na iota hujifanya mojawapo. Argentina walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2021 kwa watumishi 394 wa hospitali: kati ya waliopuliza dawa ya pua ya iota, walioambukizwa UVIKO walikuwa asilimia 1, na kati ya waliopuliza maji ya kulinganishia yasiyo na iota walikuwa asilimia 5.

16. Darubini
Tuwe waangalifu, mfamasia. Kwanza, hilo ni jaribio moja na la watu wachache. Pili, karajinani iliwahi kutupa matumaini makubwa zaidi ya hayo. Jeli yake ya ukeni ilizuia virusi vya UKIMWI vizuri maabara, ikajaribiwa Afrika Kusini kwa zaidi ya wanawake 6,000, na matokeo yalipotangazwa mwaka 2008 ilionekana salama lakini haikuzuia maambukizi. Dhidi ya kirusi cha papiloma, kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi, maabara ilionyesha nguvu kubwa mwaka 2006, na utafiti kwa wanawake umeendelea tangu hapo. Mama zetu wasiambiwe kwamba spinosamu ni dawa hadi watu wathibitishe.

17. Mfamasia Maskati
Tumekubaliana katika hilo. Nilichosema ni kwamba soko la iota lipo, sikusema watu wanywe uji wa mwani wapone.

18. Kaskazi_Tulivu
Na je, ni kweli kwamba karajinani huleta vidonda vya utumbo? Shemeji yangu aliye Toronto amekataa kabisa maziwa yenye neno hilo kwenye boksi.

19. Mkemia wa Mlimani
Hapo huchanganywa vitu viwili. Karajinani ya chakula ina minyororo mirefu. Ikikatwakatwa kwa tindikali kali na moto hupatikana kitu kingine kiitwacho poligini, ambacho kweli kiliwaletea wanyama wa maabara vidonda, nacho hakiruhusiwi katika chakula. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO ilikubali mwaka 2014 karajinani itumike hata katika maziwa maalumu ya watoto wachanga kwa kiwango kisichozidi miligramu 1,000 kwa lita. Mamlaka ya chakula ya Ulaya nayo iliipitia mwaka 2018 ikabakiza kiwango cha muda, ikitaka data zaidi. Wapo watafiti wasioridhika, na shemeji yako si peke yake.

20. Bandarini
Turudi kwenye bei, kwa sababu Binti hakuuliza habari za utumbo. Nimefanya kazi ya kupakia makontena ya mwani kwa muda mrefu. Sababu ambayo haijatajwa ni kwamba sisi tunauza mwani mkavu, hatuuzi karajinani. Kilo 7 hadi 10 za mwani mbichi hukauka kuwa kilo moja, na kilo hiyo bado ina chumvi, mchanga na maji, kwa hiyo mnunuzi analipia nauli ya meli ya vitu atakavyovitupa. Nauli hiyo haikatwi kwake, inakatwa kwa mkulima. Mkulima wa Indonesia au Ufilipino ana kiwanda karibu na shamba. Hata soko la iota likikua kama asemavyo mfamasia, gunia letu litaendelea kubeba mchanga.

21. Msumari wa Makangale
Nauli ni ileile kwa kotonii na kwa spinosamu, ndugu Bandarini. Kwa hiyo haielezi tofauti ya bei kati yao. Mimi bado niko pale pale: mnunuzi mmoja.

22. Bandarini
Haielezi tofauti yote, ni kweli. Lakini nauli ileile ikikatwa kwenye bei kubwa hubakiza kitu, na ikikatwa kwenye bei ndogo haibakizi. Fanya hesabu utaona spinosamu inaumia zaidi.

23. Fundi Sabuni
Nina wazo jingine. Haidroksidi ya potasiamu ni ghali dukani, lakini wazee walichuja magadi kutoka kwenye majivu ya makumbi ya nazi. Je, hayo hayawezi kutibu kotonii hapahapa kijijini?

24. Mkemia wa Mlimani
Majivu ya makumbi yana potasiamu nyingi, lakini kwa sehemu kubwa ni kaboneti, ambayo ni alkali dhaifu kuliko inayohitajika. Hata hivyo ukikoroga maji ya majivu hayo pamoja na chokaa iliyochomwa, ile ya matumbawe waliyojengea Mji Mkongwe, chokaa huichukua kaboneti ikazama chini kama unga mweupe, na juu hubaki haidroksidi ya potasiamu yenyewe. Ni kemia ya kale na inafanya kazi. Kwa spinosamu, chokaa pekee ndiyo alkali inayotumika kwa kawaida viwandani, kwa sababu ya kalsiamu yake. Ninasisitiza kwa wote: maji hayo huunguza ngozi na kupofusha macho. Vaeni glavu na miwani, watoto wakae mbali, na siki iwe karibu ya kusafishia meza, si ya kumwagia mtu. Aliyeunguzwa aoshwe kwa maji mengi ya bomba.

25. Mama Kibuyuni
Mkijaribu, nipeni vipimo. Sisi tuna makumbi ya kutosha, na mwanangu ana glavu za karakana.

26. Binti Jambiani
Ahsanteni nyote. Nimemsomea mama uzi huu jana baada ya isha, naye alisikiliza hadi mwisho. Kuhusu kishada cha salfeti aliniuliza mara mbili kiko wapi, nikamchorea kwa mkaa sakafuni. Kuhusu nauli alisema Bandarini ana haki, na kuhusu mnunuzi mmoja alisema Msumari ana haki zaidi. Bakuli la Bi Kifumbu ndilo lililomkamata: leo alfajiri amelowesha spinosamu, na ameazima kifumbu kwa jirani kwa sababu chetu kimetoboka. Bamvua lijalo kaka yangu atampeleka na ngarawa nje ya mwamba, wakafunge kamba tano za kotonii. Nitaleta picha.

27. Mtafiti wa Pwani
Dada, kabla hawajafunga, wachague matawi ya mbegu yasiyo na unywele wowote juu yake, na wapime joto la maji asubuhi na mchana kwa wiki mbili. Kama hamna kipimajoto, niandikie pembeni.